Debe Lililopigwa Mchana

Wapendwa, nitasema polepole. Ndivyo nilivyo, na tangu mwezi wa tatu nimezidi. Mtanivumilia.

Wiki iliyopita Mama Tulinagwe, mwenyekiti wetu wa akina mama, alinifuata nyumbani akaniambia, "Mwinjilisti, Jumapili utupe neno la usalama. Wanawake wenzetu wanaogopa kwenda majarubani, kwenye mpunga, peke yao. Wengine wananiuliza kama ni dhambi mwanamke aliyeokoka kubeba kitu cha kujilinda." Nikamjibu kwamba nitalisema. Leo nalisema.

Si dhambi. Mungu aliyekupa uhai hakukupa ili mtu mwingine auchukue kwa kuwa wewe ni mpole. Na vitu vya kujilinda, dada yangu, unavyo. Huna haja ya kwenda kununua. Sikilizeni mfano huu. Nimeutunga mwenyewe nikiwa napepeta, wala hakuna mtu humu ndani anayesemwa.

Mwanamke mmoja alikuwa na majaruba yake mbali kidogo na kijiji, ng'ambo ya mfereji mkubwa. Alikuwa amepanda mbegu ya mapema, kwa hiyo alivuna kabla ya wote. Mpunga wa wenzake ulikuwa bado umesimama, umeinamisha vichwa, na mnajua wakati huo ndege wanavyokuja. Wanakuja kama moshi. Basi kila shamba lilikuwa na mtu na debe la kuwafukuza, na kutwa nzima bonde lote lilikuwa linalia, debe huku, debe kule, sufuria kuukuu mbele kidogo. Yeye peke yake alikuwa kimya. Mpunga wake ulikwisha kupigwa na kupepetwa, ukatiwa magunia, ukapangwa kibandani kungoja trekta. Alikaa mlangoni kuulinda, huku akipepeta yale masalio ya chini apate chakula cha kuku. Mpunga ule ndio ulikuwa uji na wali wa watoto wake mpaka mwaka mwingine.

Jua likiwa la utosi, akasimama mbele yake mwanamume mmoja mwenye panga. Hakuwa mgeni kabisa. Siku ya kupiga mpunga alikuwa mmoja wa vibarua. Alijua kwamba mume wa mwanamke huyu amesafiri.

"Habari za mchana, mama."

"Nzuri. Umesahau nini?"

"Sijasahau. Nimekumbuka." Akacheka peke yake. "Simama, ingia ndani. Ukinyamaza tutaelewana."

Mnaiona hatari? Kibanda kina mlango mmoja. Akiingia, mtu na panga lake wanabaki mlangoni, na kitakachotokea humo hakuna wa kukishuhudia isipokuwa Mungu. Wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka. Fikiri.

Yule mwanamke alisimama polepole, kama mtu anayetii. Lakini alisimama na ungo wake mikononi, na ungo ule ulikuwa umejaa pumba na vumbi. Akaurusha mzigo wote usoni mwa yule mtu. Ninyi mnaofanya kazi ya mpunga mnalijua pumba. Likiingia jichoni, hata mfalme analia. Yule mtu akashusha panga bila kuona, nalo likakutana na ungo. Ungo ulipasuka katikati, lakini kifua cha mwanamke kilikuwa nyuma yake, kizima.

Akautupa ungo, akashika mchi wa kinu uliokuwa umeegemea mlangoni. Mchi ni mrefu kuliko panga. Hakuuzungusha, kwa maana anayezungusha mchi hunyang'anywa. Alimsukuma nao, tumboni, gotini, tena tumboni, huku anatoka nje kwenye uwazi. Hakukimbilia ndani. Akina mama, hilo mlishike: usikubali kwenda mahali ambapo adui amekuchagulia.

Alijaribu kupiga yowe. Kwa kelele za bonde zima, nani angemsikia? Ndipo akakumbuka debe lililokuwa limetundikwa kwenye nguzo ya kibanda. Akaupa mgongo ukuta, akalipiga debe kwa kichwa cha mchi, akamwelekezea yule mtu mchi. Akalipiga tena, akamwelekezea tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha kujeruhiwa na panga, na damu inamwagika, lakini hakuacha.

Sasa twende ng'ambo ya mfereji. Kulikuwa na kivuli cha makuti, na watu watano wamekaa wanakula ugali na dagaa. Wote majirani. Debe lilisikika vizuri kabisa.

Mmoja akasema, "Mwenzetu leo ndege wamemzidi."

Mwanamke mmoja, anayesimama naye bega kwa bega kwenye kwaya kila Jumapili, akasema, "Mchele wake mtamu. Hata ndege hawataki wa kwangu."

Wakacheka. Na mwanamume mwingine, mtu mwema, akachukua debe lake akalipiga mara tatu nne kumtia moyo mwenzao. Kisha akarudi kwenye dagaa.

Yule mwanamke kule kibandani alilisikia debe lile likimjibu. Akajua wanakuja. Akapata nguvu. Akangoja. Hawakuja.

Ndugu zangu, je, watu wale walikuwa wabaya? Hapana. Walimpenda. Lakini walisikia sauti waliyoizoea, na mtu akizoea sauti haisikii tena.

Wa tano pale kivulini alikuwa mwanamke wa shamba la jirani kabisa. Huyu na yule mwenye kibanda walikuwa wamegombana juu ya zamu ya maji, na kwa miezi minne walikuwa hawasalimiani hata kisimani. Alikuwa amekaa pembeni, analisikiliza debe. Akaacha kutafuna.

"Ndege wanakula nini kule?" akauliza.

"Mpunga, bibi. Ndege wanakula nini kingine?"

"Mpunga upi? Yule alivuna Jumatano. Alhamisi alipiga. Ijumaa alishona magunia kumi na moja, na la mwisho halikujaa."

"Haya, wewe umejuaje mpaka la mwisho?"

Alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni na kushika mundu. Aliuruka mfereji, yeye mtu mzima, na wale wengine walipoona hivyo wakaacha ugali wakamfuata.

Yule mwanamume alipoona mundu unakuja na watu nyuma yake, alikimbia. Wenye trekta, waliokuwa wanakuja kuchukua magunia, walimshika darajani wakampeleka kituoni, tena akiwa mzima, kwa maana hata hilo ni agizo la Mungu. Wale wanawake wawili wakabaki wanatazamana. Mmoja anatokwa damu, mwingine anahema.

"Umejuaje kwamba si ndege?"

"Shamba lako nalitazama kila siku."

"Unalitazamia nini?"

Yule jirani akatazama chini. "Nilikuwa naomba lisizae."



"Basi limezaa," akasema mwenye shamba.

"Limezaa. Leta mkono nikufunge."

Sasa, wapendwa, ni nani aliyemwokoa mwanamke huyu? Ungo ulimpa dakika moja. Mchi ulimpa dakika tano. Debe likafikisha habari kwenye masikio ya watu watano. Vyote hivyo vilifanya kazi yake, na nawaambia bila kusita, kesho mkienda shambani muwe navyo karibu, na mabinti zenu muwafundishe. Lakini panga lilikuwa bado lipo, na mkono wa mtu huchoka. Kama hakuna anayekuja, debe ni bati tu.

Waliompenda hawakujua kwamba amevuna. Aliyejua ni mmoja, naye alijua kwa kijicho. Wivu ulikuwa na macho. Upendo ulikuwa unakula ugali.

Msinielewe vibaya. Siusifu wivu. Nauliza tu, kwa nini chuki iwe na bidii kutushinda sisi? Mtu akikuchukia anajua umeamka saa ngapi, umevaa nini, umegombana na nani, mboga yako imeungua. Je, anayekupenda anajua? Sisi tunaoitana ndugu, tunaokula meza moja ya Bwana, tunajua ni nani kati yetu amevuna na nani bado? Au tunapiga debe mara tatu nne kumtia moyo, kisha tunarudi kwenye dagaa?

Nitasema jambo moja la nyumbani kwangu. Mnajua marehemu mume wangu, mzee Anyosisye, alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kwa miaka ishirini na mbili. Wote wa pale wanakohoa. Ni vumbi. Mwaka jana alianza kukohoa usiku, nikasema ni vumbi. Akaanza kukohoa mchana, nikamkorogea asali na tangawizi, nikasema ni vumbi. Nilimpenda mtu yule. Nilimpikia, nilimfulia, niliomba naye kila asubuhi. Alikohoa miezi mitatu kando yangu. Aliyeniambia kwamba kile si kikohozi cha mashine ni fundi baiskeli, mtu ambaye hata kanisani haji, kwa kuwa alimwona anasukuma baiskeli mahali alipozoea kuipanda. Tukaenda hospitali. Daktari akasema laiti tungewahi. Mwezi wa tatu tukamzika.

Sisemi haya ili mnihurumie. Nimeyapeleka mbele za Mungu, na Mungu amenisamehe, nami nasimama hapa bila hofu. Nayasema kwa sababu humu ndani leo kuna mtu anapiga debe. Labda anapiga kwa kucheka sana. Labda kwa kuchelewa ibada, na sisi tunasema, huyu naye, ndivyo alivyo. Labda ni mama aliyeacha kuja vikundini, na tumesema ana maringo. Huyo mtu amefanya yote ya kwake. Amerusha pumba, ameshika mchi, ameupa mgongo ukuta. Amejilinda kwa kila alichonacho nyumbani. Kilichobaki si chake. Ni chetu.

Na kilichobaki si kigumu. Hakitaki shule, nami shule sina. Kinataka umtazame mwenzako kama yule jirani alivyolitazama shamba, kila siku, ila uombe lizae.

Kwa hiyo leo sitafunga mahubiri kwa wimbo. Mgeukie aliye mkono wako wa kuume. Usimwambie "Bwana asifiwe", hilo amelisikia. Mwulize, "Wiki hii umelalaje?" Akikujibu "salama", mwulize mara ya pili, na safari hii mtazame usoni mpaka amalize kujibu. Mzee wa kanisa asipige kengele. Kama ibada itachelewa kutoka, chakula kitatungoja.

Nami nashuka hapa madhabahuni nije niketi kando ya mmoja wenu. Nisogezeeni nafasi.