Kigoda Kimoja cha Kupindua

Hapo zamani, bibi zetu wakiwa bado hawajaota meno, mji wa Kivumoni ulikuwa na mahakimu wakuu watatu, kila mmoja na kigoda chake. Hakimu akishaketi, ameketi. Mfalme hamwondoi, wala umati haumwondoi kwa kelele. Njia ilikuwa moja tu: mtunza vigoda akikipindua kigoda miguu juu, mwenyewe huenda zake kulima. Na sharti lilikuwa hili: hupinduliwa cha aliyevunja amana, si cha aliyekosea, maana kukosea ni kwa kila mwana wa Adamu. Tena hakipinduliwi zaidi ya kimoja kwa mwaka, mji usije ukabaki bila baraza.

Mtunza vigoda alikuwa Bi Mwanamkasi, aliyeirithi kazi kwa mama yake. Miaka ishirini alivifuta vumbi, hakupindua hata kimoja, akamwomba Mungu amjalie kufa hivyo hivyo.

Mungu hakumsikiliza. Siku moja akarudi mjini Shaibu, seremala. Mwaka uliotangulia alihukumiwa kuwa amechoma ghala la mji, akafukuzwa. Mahakimu wawili walisema ana hatia, mmoja akasema hana. Kumbe mchomaji alikuwa mlinzi wa ghala mwenyewe, na alipougua akaungama mbele za watu. Shaibu akaitwa arudi. Alimkuta mama yake kaburini, ana miezi miwili.

Watu wakakusanyika. Shaibu hakutaka nyumba wala shamba.

"Nataka kigoda kimoja kipinduliwe," alisema. "Mama yangu amekufa akiitwa mama wa mchoma ghala."

Akasimama Hakimu Shekue, mnene, mpole. "Mimi nililala. Jua kali, tumbo limejaa wali. Shahidi wa Shaibu alipokuwa akisema, mimi nakoroma. Nilipoamka nikafuata neno la mwenzangu. Lakini sikula cha mtu. Usingizi si hiana."

Akasimama Hakimu Mwinyikai, ambaye hata adui zake walimsifu kwa elimu. "Mimi sikulala. Nilisikiliza, nikapima, nikakosea kwa moyo safi. Kisha mlinzi akaniungamia mimi kwanza, nikanyamaza miezi mitatu, mpaka alipochoka kunisubiri akawaambia watu. Sikatai. Baraza likionekana limekosea, kesho nani atatii hukumu? Niliulinda mji."

"Mlinzi alipokuungamia," alisema Shaibu, "mama yangu alikuwa hai."



Akasimama Hakimu Kombo. "Mimi ndiye niliyesema hana hatia, na kweli hakuwa nayo. Ila kabla ya hukumu mama yake aliniletea mkeka aliousuka siku arobaini, nami nikaupokea. Wallahi, ningesema vile vile bila mkeka."

"Tuliuona mkeka umetandikwa kwako," Mwinyikai akamjibu. "Ndiyo maana hoja zako hatukuzijali."

Watu wakaguna. Mama wa watu alisuka kumwokoa mwanawe, na mkeka wenyewe ukamzamisha.

Macho yote yakamgeukia Bi Mwanamkasi. Alikuwa ameshika kitambaa chake cha kufutia, na aibu ilimchoma kifuani, maana alikuwa na lake ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nami nilikuwapo siku ile, nagawa kahawa," alisema. "Nilimwona Hakimu Shekue amelala."

"Ulimwona, Bi?" Shaibu akauliza.

"Nilimwona, mwanangu. Lakini kwetu ni mwiko kumgusa hakimu akiwa juu ya kigoda, na mtunza vigoda hasemi barazani. Nikazunguka na kahawa yangu. Mwiko ulinizuia, na woga pia."

 Shaibu akasema, "Pindua, Bi. Hakuna mwingine wa kupindua."

Bi Mwanamkasi akainama mbele ya vigoda vitatu, akanyoosha mkono.

Nami nauacha mkono wake hapo hapo. Nilimsimulia mke wangu kisa hiki akanijibu upesi, kama anayejua. Kesho yake nikamwuliza tena, akataja mwingine. Sasa nyinyi mnaojiona wajuzi, semeni: aliyelala, aliyenyamaza, au aliyepokea mkeka akasema kweli? Je, nani alistahili kupinduliwa kigoda? Na mkono wa kukipindua, ulistahili kuwa wa Bi Mwanamkasi?