Mji wa Maduhu & Sayi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Ukiuacha leo kwa kuwa ni mdogo, kesho utatembea kwa mkongojo. Anayebisha amuulize Felisita wa Bariadi.

Felisita alitengeneza programu ya simu ya kumwita daktari wa mifugo. Mfugaji aliandika jina la mji wake, yaani kaya yake, programu ikalibandika kwenye kiungo cha mtandao, na kiungo kikamwonyesha daktari pa kwenda. Josia, mwenzake ofisini, alipoutazama msimbo wa programu alikunja uso.

"Dada, unayabandika maneno ya watu mabichi hivi? Alama ya & ndiyo hutenganisha taarifa ndani ya kiungo. Mtu akiiandika, jina lake litakatwa hapo hapo. Yasimbe kwanza, yaani zigeuze alama kama hizo ziwe namba zisizokata kitu, ni mstari mmoja tu."

"Nawe Josia kwa woga! Nani kijijini ataandika alama hiyo?" Felisita akacheka. "Ikitokea tutarekebisha."

Lo! Msukuma mzima kasahau desturi za kwao. Mume mwenye wake wawili ana miji miwili, na kila mji hutajwa kwa jina la mume na la mke wa pale. Siku hizi watu huyaandika kwa alama ile ile ya kadi za harusi.

Asubuhi moja, Sayi wa Lingeka, mke mdogo wa mzee Maduhu, alimkuta mtamba wake akishindwa kuzaa. Ndiye ng'ombe pekee aliyekuwa wake mwenyewe, zawadi ya marehemu mama yake. Akaandika "Maduhu & Sayi". Daktari Luhende akapokea "Maduhu" peke yake, akawasha pikipiki hadi kwa mke mkubwa, ng'ambo ya mto. Alikuta watu wanakunywa uji na ng'ombe wote wazima.

Sayi alipiga namba ya msaada, ikapokewa na Felisita. "Daktari yuko wapi? Mtamba wangu anakufa!"

Felisita alifungua kumbukumbu za programu, akaona jina lilivyokatwa. Aibu ikamshika. Akampigia Luhende mbio, akamwelekeza. Mtamba alipona, lakini ndama alitoka amekufa.

Felisita hakutafuta visingizio, alifunga kibwebwe. Programu ilikuwa imekua, na mstari ule mmoja sasa ulidaiwa kila kona: chanjo, mnada, malisho. Alisimba kote, akajaribu kila alama, hakuinuka mpaka Josia aliposema, "Sasa imetulia." Kisha akaenda Lingeka, akamwamkia Sayi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Ndama wako ameuawa na uzembe wangu."

Sayi alimtazama mtamba akilamba jiwe la chumvi peke yake. "Ndama harudi, mwanangu. Nionyeshe kama sasa jina langu nami nafika kwa daktari."

Akaandika jina la mji wake. Felisita akampigia Luhende, akamwomba asome alichopokea.

"Maduhu na Sayi," daktari akajibu.

"Haya, leo nimefika na mimi," Sayi akasema, akaenda kumchotea mtamba maji.

Hakika mdharau mwiba mguu huota tende, na wakati mwingine mguu wenyewe ni wa mwenzio.