Mzee Mwakio Aenda Kumwona Mwanawe Rumande

Kisa hiki niliandikiwa na rafiki ambaye ana ndugu rumande. Nimekisoma mara mbili kabla ya kukutumia. Ukimaliza, mpelekee yule ambaye jina lake litakujia kichwani.

Mzee Mwakio alikuwa seremala, na pia mwenyekiti wa mradi wa maji kijijini kwao. Mtu mnyoofu, wa maneno machache. Mwanawe, Mwadime, ndiye aliyetunza chumba cha pampu.

Asubuhi moja pampu haikuwepo. Kufuli halikuvunjwa, na mwenye ufunguo alijulikana. Polisi wakamchukua Mwadime, mahakama ikamnyima dhamana, akapelekwa rumande mjini kungojea kesi.

Mzee Mwakio aliona aibu mpaka akajiuzulu uenyekiti. Nyumbani alisema mara moja tu: "Mahakama ikimwachilia, nitakwenda kumchukua. Kabla ya hapo mimi sikanyagi huko."

Basi akawa anakwenda mama, Wakesho. Kila Alhamisi aliondoka alfajiri akarudi jioni, miguu imevimba. Mzee hakuuliza kitu, naye hakumwambia kitu. Ikapita miezi mitano.

Kisha Wakesho akaanguka jikoni. Daktari akasema ni shinikizo la damu, akalazwa. Alhamisi ya kwanza ikapita bila mtu kwenda rumande. Ilipokaribia ya pili, alimshika mumewe mkono pale kitandani.

"Baba Mwadime, nenda wewe."

"Unajua nilivyosema."

"Najua. Lakini Jumatatu anasomewa mashtaka upya. Wiki mbili hajaona mtu wa kwao. Asisimame mbele ya hakimu akidhani tumemtupa."

 Alhamisi saa mbili asubuhi mzee alikuwa kwenye lango la gereza.

Hakujua utaratibu wowote. Simu aliambiwa aiache langoni. Akatoa kitambulisho, akapekuliwa, akaketi kwenye benchi pamoja na akina mama ambao walionekana kuzoea. Majina yakaanza kuitwa. Likaitwa hili, likaitwa lile. La mwanawe halikuitwa.

Saa tano akasimama, akamfuata askari aliyekuwa na daftari.

"Afande, mimi ni baba yake Mwadime Mwakio."

Askari akapitisha kidole kwenye ukurasa. Akafunua mwingine. "Mzee, simwoni hapa. Juzi kuna waliohamishwa, na kuna waliopelekwa hospitali. Kaa kwanza, niulize."

Mzee alikaa, lakini moyo haukukaa. Hospitali kwa ugonjwa gani? Kuhamishwa kwenda wapi? Atamwambia nini Wakesho? Alijaribu kukumbuka neno la mwisho alilomwambia mwanawe, akakumbuka kwamba alikuwa amempa mgongo.

Saa sita na nusu, askari akarudi. "Yupo. Jina liliandikwa ukurasa mwingine. Una dakika kumi."

Walitenganishwa na wavu wa chuma, na pande zote watu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya juu. Mwadime akaja, amekonda, amevaa fulana iliyochanika begani. Alipomwona baba yake, alisimama ghafla kama mtu aliyepigwa.

"Mama amekufa lini?" akauliza.

"Nini?"

"Umekuja wewe. Mama amekufa, sivyo? Niambie tu, Baba."

"Mama yako yu hai! Amelazwa, lakini jana alikunywa uji. Ndiye aliyenituma."

Mwadime akaegemeza paji la uso kwenye wavu, akalia. Mzee Mwakio akamtazama bila kujua la kufanya. Kumbe uso wake ulikuwa umegeuka kuwa habari ya msiba kwa mwanawe mwenyewe.

Mwadime alipotulia, akajifuta macho. "Nisamehe, Baba. Hata sijakushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa maneno yako. Yale unayomtuma Mama kila wiki. Mwezi uliopita wenzangu humu walinishauri nikiri tu, nipewe kifungo kifupi, yaishe. Nilikuwa nimeshakubali. Mama akaja, akaniambia umesema: 'Mwambie asikiri kitu ambacho hakukifanya. Mimi baba yake namwamini.' Nikaacha. Nilisema, kama Baba ananiamini, nitavumilia."

 Mzee hakuwahi kutuma hata salamu. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, na hakuna mtu angejua.

"Dakika mbili!" askari akatangaza.

"Mwadime," alisema mzee, "maneno yale hayakuwa yangu. Aliyatunga mama yako. Mimi nilikaa nyumbani miezi mitano, nikiona aibu ya watu. Sikukutumia neno hata moja."

Mwadime akamkodolea macho.

"Lakini leo nimekuja, na nayasema kwa mdomo wangu. Usikiri usichokifanya. Nakuamini. Ilinipasa kuyasema siku ile walipokuchukua."

Kengele ikalia. Mwadime aligeuka, akaondoka na wenzake bila kujibu, wala hakutazama nyuma.

Siku nne zilizofuata zilikuwa ndefu kwa Mzee Mwakio.  Akipiga randa, mkono ulisimama katikati ya ubao. Alimwambia mkewe yote, naye Wakesho akafunika uso kwa shuka.

"Kwa nini ulimwambia? Yale ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia!"

"Sikuweza kumdanganya, naye yuko mahali pale."

"Na Jumatatu akikiri?"



Jumatatu mzee alikuwa wa kwanza kuingia mahakamani. Mahabusu wakaletwa, wamefungwa pingu wawili wawili. Jina la Mwadime likaitwa, karani akamsomea mashtaka polepole, kisha akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

 Mwadime akageuza shingo, akatazama watu waliokaa nyuma, benchi kwa benchi. Mzee Mwakio akasimama ili aonekane. Askari akamwashiria akae. Hakukaa.

Mwadime akamgeukia hakimu.

"Si kweli, mheshimiwa," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni.

Kesi iliendelea miezi saba mingine. Kila Alhamisi mzee alikuwa kwenye benchi lile, na Wakesho alipopata nafuu wakawa wanakwenda wote wawili. Mwishowe shahidi wa tatu alipobanwa kwa maswali akasema kwamba kufuli la chumba cha pampu lilikuwa na funguo mbili, na ule wa pili haukuwahi kuwa mikononi mwa Mwadime. Hakimu akaona kwamba mtu mwingine angeweza kufungua, akamwachilia Mwadime siku hiyo hiyo.

Funzo: Usingoje hukumu ndipo umkumbuke mtu wako aliye ndani. Nenda, au mpelekee neno, na neno hilo liwe lako mwenyewe. Huenda siku unayoahirisha ndiyo siku anayokata tamaa.