Ada za Lango la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na yadi ya magari!

Ya nani?

Ya Fisi. Na ndani yake palikuwa na gari moja.

Moja tu? Sasa alikuwa akiuza nini?

Alikuwa akiuza hilo hilo. Kaeni niwaambie.

Mwaka ule mvua haikunyesha. Kwenye miamba ya Pimbi lilibaki dimbwi moja, nalo lilikuwa likikauka. Mto ulikuwa mbali. Mama yake Pimbi alikuwa mzee na miguu ilikuwa imemwisha. Bila gari, angefia pale pale.

Jirani yao Digidigi akajitwisha mtungi wa asali.

"Nakwenda kwa Fisi kununua gari," alisema. "Nikirudi, mama, tutakwenda mtoni pamoja."

Hakurudi.

Pimbi akapanda jabali linalotazama yadi ya Fisi, akalala kifudifudi, akaangalia. Akamwona Kondoo anaingia na mtungi wake wa asali.

"Karibu bibie!" alisema Fisi. "Gari hili bei yake mtungi mmoja. Hakuna zaidi."

"Kweli hakuna zaidi?"

"Mimi na wewe tumemaliza."

Kondoo akatoa asali, akapewa ufunguo, akawasha gari. Brrrum! Akafika langoni. Langoni walikaa Tumbusi watatu, shingo tupu, wameegemea mti wa kizuizi.

"Simama. Ada ya kuoshewa gari."

"Sikuomba lioshwe."

"Limeshaoshwa. Lipa sikio."

Kacha!

"Ada ya karatasi."

"Karatasi gani tena?"

"Risiti ya sikio. Lipa mkia."

Kacha!

"Ada ya lango."

"Hata lango?"

"Kwani utapita wapi? Lipa mguu."

Kacha!

Kondoo akapiga kelele, "Bwana Fisi! Si ulisema tumemaliza?"

Fisi hakuinuka kitini. "Mimi na wewe tumemaliza, bibie. Hao ni wengine."

"Hatusikilizi vilio," walisema Tumbusi. "Aliye usukani hulipa."

Ada ziliendelea mpaka Kondoo akawa hana cha kulipia. Fisi akagawana na Tumbusi. Kisha gari likarudishwa yadini, likaoshwa. Ndipo Pimbi akajua kwa nini yadi ya gari moja haiishiwi gari.

Kesho yake akashuka na mtungi wa asali na mfuko wa mawe.

"Karibu, mfupi!" alisema Fisi. "Bei ni mtungi mmoja. Hakuna zaidi."

"Bei nimeikubali. Shida ni miguu, Bwana Fisi. Haifiki kwenye breki. Gari nalitaka nje ya lango, kwa bei hiyo hiyo."

"Nje ya lango utalitoa mwenyewe."

"Basi, kwaheri." Pimbi akabeba mtungi wake, akageuka. "Nasikia Chui naye anauza."

Asali ikachezacheza mtungini, chubwi, chubwi. Fisi akameza mate.

"Ngoja, ngoja! Una haraka ya nini? Nitakutolea mimi." Moyoni alisema: nitasimama kabla ya lango, nimwachie usukani.

Pimbi akaweka mtungi mezani. Wakapanda. Fisi akashika usukani, Pimbi akakaa kando na mfuko wake. Brrrum! Walipokaribia lango, Pimbi akaachia jiwe moja. Likabingirika likajibana chini ya breki. Fisi akakanyaga. Wapi! Akakanyaga tena. Wapi! Gari likaenda likagota kwenye kizuizi. Du!

"Simama. Ada ya kuoshewa gari."

"Ni mimi! Mimi Fisi!"

"Sisi hatukuuliza jina. Lipa sikio."

Kacha!

"Yadi ni yangu, wajinga nyie!"

"Ulituonya kwamba wapo watakaosema hivyo. Ada ya karatasi. Lipa mkia."

Kacha!

"Jamani, tumekula pamoja!"

"Hatusikilizi vilio. Ada ya lango."

Kacha!

Fisi akaanguka nje ya gari, akajiburuta vichakani. Mpaka leo, mtazameni akitembea: mbele juu, nyuma chini.

Tumbusi wakamgeukia Pimbi. "Na wewe?"

"Mimi abiria. Ninyi mlisema nani hulipa?"

"Aliye usukani."

"Ameshalipa."

Wakatazamana. Wakainua kizuizi. Nje ya lango palikuwa na mteremko, gari likateremka lenyewe. Pimbi akachomoa lile jiwe chini ya breki, akajifunga mawe miguuni ili miguu ifike kwenye breki, akaendesha mpaka nyumbani.

Mama yake akapakiwa. Alipokaa, mkono wake ukagusa kitu chini ya kiti. Akakitoa. Kilikuwa kwato, ndogo kama kokwa ya tende.

"Ya nani hii, mwanangu?"

Pimbi akainama, akakaza mawe miguuni.

Mama akaitazama, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Alisema tutakwenda pamoja," alisema. "Haya, twende."

Wakaenda.

Ngano yangu naiegesha hapa. Ufunguo nimeuacha ndani. Anayeitaka aiwashe, aende nayo kwao.

Mnataka na funzo? Funzo ni hili: muuzaji akikwambia hakuna zaidi, mwamini. Ukifika langoni ukakuta ada, lipa upesi, wala usiulize ni ya nini. Tumbusi nao wana watoto.