Amana Iliyozunguka Kijiji

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, mmeimeza na kisamvu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mko hai.

Hapo zamani za kale, wanyama wa kijiji kimoja walikuwa na desturi. Chakula cha akiba huweki nyumbani kwako, maana tumbo lako linaijua njia. Unampa jirani amana, na amana haifunguliwi, hata njaa ije na wakwe zake.

Basi Kanga, yule ndege wa madoadoa, akalima, akavuna, akapeleka mtama wake kwa Ngiri. Naye pia akatunza amana ya mwenzake: alilalia kanda la Nungunungu, yeye na vifaranga wake, wala hakulichungulia.

Njaa ikaingia. Vifaranga wakalia, wakalia, wakalia mpaka sauti zikakauka, na mama yao kaketi juu ya chakula.

"Cha mwenzangu ni cha mwenzangu," akasema Kanga. "Naenda kuchukua changu."

Buibui akateremka kutoka darini. "Dada, nipande mgongoni kwako. Nafunga uzi hapa kwenye kanda, nautoa njia nzima. Nataka kuona mtama wako umepita wapi."

"Panda, lakini usinitekenye."

Hao, mbio, mpaka kwa Ngiri.

"Usihofu, dada," akasema Ngiri. "Mtama upo. Nimeuweka pazuri, kwa Kindi. Niliuita akiba yangu, lakini twende."

Hao, mbio, uzi nyuma, mpaka kwa Kindi.

"Msihofu, jamani. Mtama upo. Nimeuweka pazuri, kwa Nungunungu. Nami niliuita wangu."

Hao, mbio, mpaka kwa Nungunungu, miiba imemlala kwa njaa.

"Msihofu. Mtama upo. Nimeuhamishia kwenye kanda langu, nikauweka pazuri sana, kwa mama mmoja mwaminifu. Kanga."

Kanga akajitazama kama anayetafuta Kanga mwingine.

Wakarudi mbio, na uzi ukafika pale pale ulipoanzia. Kijiji kizima kilikuwa kimejigamba kina akiba nne, kumbe mtama ni mmoja, unatembea.

"Wangu!" Ngiri akadaka kanda.

"Wangu!" Kindi akamrukia.

"Kanda ni langu," akasema Nungunungu, na wote wakasogea mbali na miiba.

"Ngojeni," akasema Buibui. "Ngiri, mlipe Kanga."

"Kindi akinilipa."

"Kindi?"

"Nungunungu akinilipa."

"Nungunungu?"

"Kanga akinilipa."

"Basi kila mmoja anadai kile kile anachodaiwa. Na nani kati yenu alilima?"

Ngiri akachunguza kwato zake. "Nilime kwa nini, shangazi, na akiba ninayo?"

Buibui akaukata uzi. Pwa! Deni la huyu likafuta deni la yule, mpaka la mwisho, na kanda likabaki kwa aliyelima. Kanga akalifungua. Vifaranga wakala mpaka wakaanguka chali.

Wale watatu wakasimama mlangoni, mate yakiwadondoka. Kanga akawalisha siku ile, maana jirani ni jirani. Kisha akampa kila mmoja konzi ya mtama. "Hii hailiwi. Ni mbegu."

Ngiri akaigeuza kwa kwato. "Na hii, dada, niiweke kwa nani?"

"Kwa udongo," akasema Kanga. "Huo haumpi jirani."

Hadithi yangu imekoma hapo, shambani, na Ngiri bado anachimba.