Kidonge cha Saa Nne

Kaeni, wapendwa. Na ninyi wa nyuma mliosimama mlangoni kama watu wanaosubiri nafasi ya kutoroka, sogeeni mkae. Nina mfano leo, na kabla sijauanza nawatoa wasiwasi: umetokea katika kijiji cha wakulima wa chai, lakini si hiki chetu. Ni kingine, kiko ng'ambo ya milima, na hakuna mtu humu mwenye shemeji kule. Kwa hiyo nikifika mahali fulani, mtu asimtazame jirani yake.

Kulikuwa na mama mmoja kule, watu wakimwita Mama Birika, kwa sababu tangu aolewe birika lake lilikuwa halijapoa. Ukipita kwake asubuhi, chai. Ukipita mchana kuuliza njia tu, chai. Siku moja jirani alikuja amefura kwa hasira kwamba mbuzi wa Mama Birika wamemmalizia mahindi yake. Akakaribishwa, akanywa kikombe, akanywa cha pili, akaaga vizuri, na alipofika kwake ndipo akakumbuka kuwa alikwenda kugombana. Huyo ndiye mama ninayewaambia.

Basi mama huyu akaanza kuchoka. Akipanda kilima cha kwenda shambani anasimama mara tatu, moyo unamwenda mbio, macho yanamzunguka. Viganja vikawa vyeupe. Tena akaingiwa na hamu ya ajabu ya kutafuna mchele mbichi. Akikaa kuuchambua, nusu ya ungo inaishia mdomoni. Mumewe akaona huu sasa ni ugonjwa, maana wali ulikuwa unapungua. Akampeleka hospitali.

Kumbe alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi ulikuwa unamtoa damu kupita kiasi, na yeye alidhani ni umri tu. Daktari akamwambia bila kuzungukazunguka, "Mama, uvimbe huu tutautoa. Lakini damu yako ni saba, na kwa damu saba hupasuliwi. Nenda ukaifikishe kumi. Nakupa miezi mitatu, muda huo daktari bingwa wa upasuaji atakuwa hapa. Akishaondoka, harudi mpaka mwakani."

Mwakani! Kwa mtu anayevuja hivyo, mwakani ni mbali sana. Mama Birika alilielewa hilo vizuri, na aliogopa kweli.

Akaenda duka la dawa. Mmewahi kuiona rafu ya dawa za kuongeza damu? Utafikiri ni duka la pipi. Kulikuwa na chupa yenye dawa nyekundu kama juisi ya rozela, kulikuwa na boksi lenye picha ya mama anayecheka amebeba mapacha, na juu kabisa kulikuwa na chupa kubwa yenye kichwa cha fahali. Mama Birika akanyoosha kidole kwa fahali.

Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani, akamuuliza, "Mama, unataka damu au unataka ng'ombe?"

"Nataka yenye nguvu, mwanangu."

"Nguvu yake ni madini ya chuma yaliyomo ndani, siyo picha iliyobandikwa nje. Hii ya fahali nimeisoma nyuma, chuma ni kidogo, sukari ndiyo imejaa. Vidonge alivyokuandikia daktari ni hivi hapa. Havina picha yoyote, lakini kazi vinaijua. Kimoja kwa siku, kwa maji, tumbo likiwa tupu, na ukipata chungwa kula na chungwa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke ukakimbilia kwa mganga. Na viweke mbali na watoto."

"Nimekuelewa."

"Bado. Saa moja kabla ya kidonge na saa mbili baada yake, usinywe chai. Wala kahawa, wala maziwa. Chai inakizuia chuma tumboni, kinapita bila kuingia kwenye damu."

Mama Birika akaweka mkoba chini. "Chai?"

"Chai."

"Hata ya rangi?"

"Hiyo ndiyo hasa."

"Hata hii yetu, tunayoilima wenyewe?"

Yule dada akavua miwani akaifuta. "Mama, tumbo lako halijui imelimwa na nani."

Sasa nawauliza ninyi. Saa tatu bila chai katika siku nzima. Zimebaki saa ishirini na moja za kunywa mpaka tumbo lijae. Kuna mtu hapa anashindwa? Naona mnatikisa vichwa kwamba hamshindwi. Sawa, endeleeni kusikiliza.

Siku ya kwanza alimeza alfajiri, kichefuchefu kikamlaza kitandani. Akaona bora kidonge chake kiwe cha saa nne asubuhi. Kesho yake saa nne akameza kwa maji, akala chungwa lake, akakaa barazani anajisikia mtu mwenye akili. Dakika ishirini hazijaisha, akasikia, "Hodi hapa!"

Maana Jumapili ilikuwa imetangazwa kanisani: mwenzetu anaumwa, tumtembelee. Hao wamekuja, akina mama sita wenye vilemba vya umoja wao, Mwenyekiti wao mbele. Huyu Mwenyekiti alikuwa mama wa kazi. Hakuna mgonjwa aliyelala kijijini bila yeye kufika, na akiomba, hata waliokuwa barabarani husema amina. Kila mmoja ameleta zawadi. Na mtu wa kijiji cha chai akienda kumwona mgonjwa hupeleka nini? Pakiti sita za majani ya chai zikapangwa mezani.

Mgonjwa akasema, "Karibuni, karibuni sana," akaenda kuinjika birika.

Mtasema, si angewapa wageni na yeye akae bila kunywa? Kule, mwenyeji ndiye anayeonja kwanza. Asipoonja, mgeni anaweka kikombe chini taratibu, na jioni kijiji kizima kinajiuliza mle ndani mlikuwa na nini. Kwa hiyo akaonja. Akaonja kikombe kizima, na kidonge kiko njiani tumboni.

Wakamshika mikono wakaomba. "Bwana, mwongezee damu!" "Amina!" "Bwana, mjaze damu mishipa yote!" "Amina!" Maombi yanapanda juu, chai inashuka chini. Wakati wa kuaga Mwenyekiti akamuuliza, "Unaendeleaje lakini, dada?"

"Namshukuru Mungu. Nina nafuu."

Nafuu gani? Mama huyu alikuwa ameegemea mlango asianguke.

Akahamishia kidonge saa sita. Saa sita wakaja walimu wa shule. Akapeleka saa nane, ikaja kwaya, na kwaya mnawajua, wakikaa hawana haraka. Akajaribu saa kumi, ukaja ukoo wa mumewe, ambao hata wasingekuwa na mgonjwa wangekuja tu. Kidonge kikawa kinakimbizwa na birika kuzunguka saa yote. Na kadiri alivyozidi kudhoofika ndivyo wageni walivyozidi kumiminika, kwa sababu walimpenda. Hapo msikosee, wapendwa. Walimpenda mno.

Baada ya wiki sita akarudi kupima. Nesi akasoma majibu, akasoma tena. "Saba na nukta mbili. Mama, dawa unameza?"

"Nameza kila siku."

"Na chai?"

Mama Birika akatazama ukutani kulikokuwa na picha ya mtoto anayepimwa uzito. Akaitazama sana.

"Umebakiza wiki sita," nesi akasema. "Kuna mtu unayemwogopa kuliko kaburi?"

Njiani kurudi alilia, kwa sababu jibu alikuwa nalo na lilimtia aibu. Alikuwa anaogopa vilemba sita.

Kesho yake akarudisha kidonge saa nne. Akameza, akala chungwa. Hodi! Vilemba sita, na safari hii wamekuja na mchungaji wao. Msinitazame hivyo! Nimesema ni kijiji kingine, na mchungaji mwingine. Huyo wa kule alikuwa mnene kidogo.

Wakakaa, wakasalimiana. Mama Birika naye akakaa. Wakazungumzia mvua. Wakazungumzia bei ya mbolea. Mvua wakairudia. Mchungaji akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu ambaye koo lake si gonjwa. Mwenyekiti akachungulia upande wa jikoni, akainama mbele.

"Dada, birika limetoboka?"

"Birika ni zima," Mama Birika akajibu. "Leo hakuna chai."

Mama mmoja akashika kifua. Mwenyekiti akasimama, akakaza kilemba. "Wapendwa, huyu si dada yetu tunayemjua. Kuna kitu kimemwingia. Tusimame tukikemee."

Na wakakikemea kweli! Mikono kumi na miwili juu ya kichwa cha mgonjwa. "Roho ya uchoyo, toka! Toka sasa hivi! Ulikotoka rudi!" Nywele zake zikatimka, kiti kikasogea mpaka dirishani. Mchungaji naye akaitikia, ingawa yeye, nadhani, alikuwa anaomba chai. Na Mama Birika chini ya mikono ile alianza kucheka, akacheka mpaka akina mama wakajua roho inatoka, kisha kicheko kikageuka kilio, na hapo akapiga ukelele, "Niacheni!"

Wakaacha.

Akawaeleza yote: uvimbe, damu saba, miezi mitatu iliyobaki nusu, kidonge, chai. Halafu akasema, "Mmekuja hapa wiki sita. Mmeniombea mpaka sauti zimewakauka, na Mungu awabariki. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza, dawa unameza saa ngapi? Kila siku mnaniuliza naendeleaje, nami nawajibu nina nafuu, kwa sababu nyote mmeshika vikombe. Nilikuwa naogopa kuwaambia. Nilijisemea, hata nikifa, angalau mtasema marehemu alikuwa mkarimu."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Wote wakamgeukia Mwenyekiti, kwa sababu huyo maneno hayajawahi kumwishia. Lakini Mwenyekiti alikaa chini polepole kama mtu mwenye mzigo. Akafungua mkoba wake. Akatoa kitabu cha nyimbo, akatoa leso, akatoa miwani, na chini kabisa akatoa karatasi ya vidonge. Vilevile visivyo na picha. Hakikuwa kimetobolewa hata kimoja.

"Nilipewa mwezi wa tatu," akasema. "Damu yangu mimi ni sita."

Mama Birika akasahau machozi yake. "Sita? Na kilima kile unakipandaje kuja kwangu?"

"Napumzika kwenye kona, mkiwa hamnioni. Niliambiwa habari ya chai. Lakini mimi naingia nyumba nne kwa siku kuona wagonjwa, na kila nyumba ni kikombe. Nikikataa, watasema Mwenyekiti anaringa. Nikaona heri nisimeze kabisa kuliko kuanza kujieleza."

Mchungaji akainua kichwa. "Mama, mbona hukutuambia?"

"Baba Mchungaji, ni nani aliyewahi kuniuliza? Mimi ndiye huwa nauliza."

Mnataka kujua kama Mama Birika alifika kumi. Alifika, na nukta moja juu. Wiki sita hizo akina mama walibadilishana zamu mlangoni kwake, wakawa wanawarudisha wageni kwa upole, na ukoo wa mume bila upole, na uvimbe ukatolewa. Mwenyekiti je? Huyo siwaambii. Mfano wangu unamwacha pale pale kwenye kiti, karatasi ya vidonge iko mkononi, watu wote wanamtazama kwa mara ya kwanza. Nimemwacha hapo makusudi.

Kwa sababu sisi hapa, wapendwa, tunajua kutembelea. Hatuna mpinzani. Mtu akipiga chafya mara mbili, tumeshafika na pakiti. Tunaimba, tunaomba, tunajaza kitabu cha wageni, tunarudi nyumbani tumeridhika na nafsi zetu, na mgonjwa tumemwacha na vyombo vya kuosha. Upendo wetu una kelele nyingi na masikio madogo. Tumemfundisha kila mtu humu ndani jibu moja, nina nafuu, namshukuru Mungu, na akilitoa tunapumua, maana halitudai kitu. Na wale wenye nguvu kati yetu, wanaobeba wengine, tumewaona wanapanda kilima tukasema, huyu ana neema. Hatukuwahi kurudi mpaka ile kona kumtazama anapopumzika.

Na wewe unayeumwa ukatabasamu, nina neno nawe, usijifiche nyuma ya mwenzako. Umetuogopa kuliko kifo. Hiyo siyo heshima, ndugu yangu, umetunyima nafasi ya kukupenda kwa kitu cha maana. Tuambie. Tutakasirika kidogo, tutanung'unika njiani, halafu tutazoea.

Leo simwiti mtu mbele. Kila mmoja abaki alipo, amgeukie aliye karibu naye, amuulize kwa sauti ya chini swali lenye jibu la kweli, na akishauliza anyamaze. Wakusanya sadaka, wekeni vikapu chini kwanza, nanyi mna watu wa kuwauliza. Mimi nashuka hapa madhabahuni. Naenda kukaa benchi la kwanza karibu na mke wangu, kwa sababu asubuhi hii nilipokuwa namaliza kuandika mahubiri haya nilimsikia anapanda ngazi zetu nne za nyumbani, na alisimama kwenye ya pili kupumzika.