Kijani cha Nyamizi

Nyie mnaolalamika kwamba kijani hiki kinawachoma macho, tulieni kwanza. Zamani hakikuwapo. Ukifungua programu ya hesabu, kila kitu kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa cheupe: hesabu nyeupe, na maoni nayo meupe, yale maneno tunayoandikiana sisi binadamu ndani ya programu, ambayo mashine huyaruka. Basi na watu nao wakawa wanayaruka. Hodari wa kuiga mashine, sisi!

Siku hizo Nyamizi alikuwa peke yake kwenye kituo cha kupima maji kule bondeni. Simu hakuna, jirani hakuna. Alikuwa akiandika programu za kukadiria mafuriko, anaziweka kwenye diski, na dereva wa gari la mafuta anazileta hapa mjini kwa Mkude, aliyekuwa mkuu wa chumba hiki cha kompyuta. Mkude anaziendesha, anapata majibu sahihi, anaridhika. Diski inarudishwa tupu, bila hata salamu.

Ikafika siku dereva akarudi mikono mitupu. Mlango umefungwa, ufunguo uko dirishani, Nyamizi hayupo. Kwao ni wapi? Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mkude akafungua programu zake za nyuma, labda angeona aliandika anakokwenda. Macho yakampotea katika ule weupe. Ndipo akaifundisha kompyuta: ukikuta alama ya maoni, tia kijani mpaka maneno yaishe, hata yakienda mistari mingi. Alipobonyeza, lo! Kioo kikajaa kijani, maneno ya Nyamizi ya diski baada ya diski:

"Mkude, habari za huko? Huku nasikia sauti yangu tu."

"Idi hii nitapika pilau. Anayesoma aje na dereva."

"Pilau nimeila mwenyewe. Basi hata neno moja, Mkude, nijue kuna mtu."

Mkude alilia mbele yetu bila kuona haya. Alimtafuta Nyamizi mpaka akazeeka, asimpate.

Ndiyo maana mpaka leo maoni ni ya kijani, na ukiyakuta, sharti uandike chini yake "nimesoma" kabla hujagusa hesabu. Chini ya lile la mwisho la Nyamizi wameandika hata watu ambao enzi zake walikuwa hawajazaliwa. Haya, nendeni mkaandike na nyinyi. Mwenyewe hajaona hata moja.